Mpe Mtoto Choroko, Bilauri na Siku Tatu

Mjukuu wangu wa miaka minne alikuja kwangu Tanga likizo ya Juni, na siku ya pili tulifukia punje sita za mahindi katika kopo la maziwa ya unga. Tuliliweka barazani, karibu na mkeka. Asubuhi yake nilimkuta amechuchumaa, kopo limelala ubavu, vidole vyote vimejaa udongo. Punje zote sita alikuwa amezifukua, amezipanga sakafuni na anazigeuza moja moja.

"Bibi, hazijaota," aliniambia kwa huzuni ya kweli.

Tulizirudisha. Kesho yake alizifukua tena, na keshokutwa pia. Siku ya tano tatu zilikuwa zimeoza, na ile moja iliyokuwa imeanza kutoa kimzizi cheupe ilikatikia mkononi mwake. Alilia sana. Nami nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nimkaripie.

Kilichonizuia ni kisa nilichokisoma zamani kidogo. Wangari Maathai, yule mama wa Kenya aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, aliandika habari za utoto wake katika kitabu chake Unbowed. Anasimulia kwamba mama yake alimkatia kipande kidogo cha ardhi katikati ya shamba lake, kikawa cha mtoto mwenyewe kukitunza. Naye Wangari hakuwa na subira hata kidogo: alizitoa mbegu udongoni ili aone kama zimeanza kuota. Mama yake hakumchapa. Alimwambia azifunike, aziache, zitaota zenyewe. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwaongoza wanawake wa Kenya kupanda mamilioni ya miti.

Basi nikamtazama mjukuu wangu kwa jicho jingine. Mtoto wa miaka minne hafukui mbegu kwa utundu. Anafukua kwa sababu tumemwambia kuna jambo kubwa linatokea, kisha tukalifunika kwa udongo asilione. Kosa lilikuwa langu. Nilimpa mradi wa mtu mzima, mtu anayeweza kuamini kisichoonekana kwa siku sita. Yeye alihitaji kuona.

Jioni ile tuliloweka choroko kiganja kimoja katika bakuli. Nilichagua choroko kwa sababu katika joto la Pwani punje ikilowekwa usiku, mzizi huchomoza ndani ya siku moja au mbili. Kunde hufuata kwa karibu. Maharage huchukua siku zaidi, na yale yaliyokaa dukani muda mrefu huenda yasiote kabisa. Jambo hilo mtu mzima hulivumilia, mtoto hapana. Asubuhi tulichukua bilauri ya kioo, tukaizungushia pamba mbichi kwa ndani, na yeye mwenyewe akazichomeka punje nane kati ya pamba na kioo, moja moja, ulimi umetoka nje kidogo kama afanyavyo akiwa kazini. Ilimchukua karibu nusu saa. Mbili zilianguka chini ya bilauri na nilitamani sana kuzichukua na kuziweka sawa. Nilikaa juu ya mikono yangu.

Pasipo bilauri ya kioo, chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa katikati inatosha, ila makali ya plastiki yazibwe kwa utepe wa gundi. Pasipo pamba, kitambaa cha zamani au karatasi laini hufaa. Maji ndiyo yanayohitaji uangalizi. Mtoto hupenda kumimina, na pamba ikielea majini punje huoza na kutoa harufu. Nilimpa kizibo cha soda kuwa kipimo chake: vizibo viwili asubuhi, viwili jioni, basi. Ndani ya siku mbili alikuwa akihesabu mwenyewe kwa sauti, na hakuna aliyemwambia kwamba hilo ni somo la hesabu.

Mchana wa siku ile ile punje zilivimba na ganda la kijani likapasuka. Asubuhi ya pili mizizi ilikuwa imetoka, myeupe, mifupi kama ncha ya sindano. Siku ya tatu tulifanya jambo ambalo namsihi kila mzazi asiliruke: tuliilaza bilauri ubavu. Kesho yake mizizi yote ilikuwa imepinda, imerudi kuelekea chini, na vikonyo vimepinda kuelekea juu. Mjukuu wangu alikwenda kumwita jirani aje aone. Ndani ya ncha ya mzizi mna chembe za wanga zilizo nzito kuliko ute unaozizunguka. Mche ukilazwa, chembe hizo hutuama upande mpya wa chini, na mzizi hufuata huko huko. Hayo sikumwambia. Alipoulizwa na jirani alijibu kwamba mzizi unatafuta maji, nami niliona jibu hilo linamtosha kwa umri wake. Ana miaka mingi ya kulirekebisha.

Bilauri ya pili tuliifungia kabatini. Baada ya siku nne choroko za kabatini zilikuwa ndefu kuliko za barazani, lakini nyembamba, za manjano, zimelegea. Alizitazama kwa muda mrefu. "Hizi zinaumwa," alisema, akazitoa juani bila kuambiwa. Nusu mbili za kila punje zilikuwa zimepanda juu pamoja na kikonyo, na siku hadi siku zikawa zinasinyaa kwa kuwa akiba ya chakula iliyokuwemo imeliwa na mche. Miche mitatu yenye afya tuliihamishia kwenye udongo. Choroko hukomaa kwa siku 60 hadi 75 hivi, kwa hiyo mtoto anaweza kuiona safari nzima, kutoka punje hadi ganda lenye punje nyingine ndani yake, kabla hajasahau ilivyoanza. Nanasi lililopandwa kutoka kwenye kichwa chake huchukua zaidi ya mwaka. Hilo tuwaachie wakubwa.

Tunaposema shule ya chekechea leo, wengi wetu tunaona meza, daftari la mistari mikubwa na kalamu ya risasi. Aliyezianzisha hakuona hivyo. Friedrich Froebel, Mjerumani ambaye katika ujana wake alijifunza kazi ya misitu, alifungua taasisi yake ya watoto wadogo Bad Blankenburg mwaka 1837, na mwaka 1840 akaipa jina la Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Hakuwa anapamba maneno. Palikuwa na bustani kweli, na kila mtoto alikuwa na kitalu chake, pamoja na vitalu vya wote. Ndani ya nyumba watoto walifinyanga udongo, walisuka vipande vya karatasi na kujenga kwa vipande vya mbao. Mwaka 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule zake. Froebel alifariki mwaka uliofuata, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1860. Tumelirithi wazo lake duniani kote, lakini mahali pengi tumeiacha bustani nje ya geti.

Sisi wenyewe tulikuwa na fikra inayokaribiana na hiyo. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule zilitakiwa kuwa na mashamba, na sisi tuliosoma miaka ya 1970 tulilima. Yapo mengi mazuri tuliyoyapata huko. Lakini palikuwa na jambo moja lililoharibu mapenzi yetu ya udongo: jembe lilikuwa pia adhabu. Ukichelewa, unalima. Ukipiga kelele, unalima. Nawaomba walimu wa awali wasilirudie hilo kwa namna yoyote. Mtoto aliyekosea asipelekwe kumwagilia mchicha, wala asinyimwe kuumwagilia.

Kazi za mikono nazo tunaziharibu. Mwaka jana nilialikwa kwenye sherehe ya shule moja ya awali. Ukutani palikuwa na vipepeo ishirini na kitu vya karatasi, vyote sawasawa, mabawa yamekatwa kwa mkasi mkali, macho yamewekwa mahali pale pale. Chini ya kila kipepeo palikuwa na jina la mtoto. Mzazi mmoja aliyekuwa kando yangu alimuuliza mwanawe ni kipi chake, na mtoto hakukijua mpaka mama aliposoma jina. Nilisikitika. Vipepeo vile vilitengenezwa na mwalimu aliyekesha akitaka kuwaridhisha wazazi, na watoto walibandika tu.

Kosa hilo si la walimu peke yao. Kenya ilipoanza kutekeleza mtaala wa umilisi, CBC, nchi nzima mwezi Januari mwaka 2019, kuanzia madarasa ya awali, mojawapo ya malalamiko yaliyosikika sana ni kwamba kazi za mikono za watoto zinafanywa na wazazi usiku, na vifaa vinanunuliwa dukani kwa bei. Nia ya mtaala ilikuwa njema. Mzazi ndiye aliyeshindwa kuvumilia kazi iliyopinda. Kazi ya mtoto wa miaka minne hupinda. Gari lake lina magurudumu matatu, mtu wake hana shingo, chungu chake kinavuja. Ukikichukua ukakinyoosha, umemwambia bila kutamka neno kwamba mikono yake haifai.

Mikono yenyewe bado inajengwa. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo minane, na mtoto anapozaliwa yote bado ni gegedu. Huwa mfupa mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi, na katika umri wa awali kazi hiyo haijafika mwisho. Ndiyo maana namwonea huruma mtoto wa miaka mitatu anayelazimishwa kujaza ukurasa mzima wa herufi a. Kabla ya kalamu angefaa akande, abonyeze, akamue kitambaa, atunge, achambue mchele. Mabibi zetu waliwapa watoto kunde wazimenye, nao wakapata vidole.

Katika kazi zote za mikono hakuna inayoushinda udongo. Wenye bahati ya kuwa karibu na wafinyanzi waombe bonge. Wengine watafute kichuguu. Mchwa hukusanya udongo laini kutoka chini na kuushikamanisha, na ukiutwanga, ukauchekecha na kuukanda kwa maji kisha ukaulaza usiku kucha chini ya kitambaa kibichi, asubuhi huwa laini kama unga wa chapati. Mtoto atapiga madonge, atasokota nyoka, atamzungusha nyoka awe kibakuli. Usimwonyeshe mfano wa kuiga. Kaa pembeni ufinyange chako, naye atafinyanga chake. Mjukuu wangu alifinyanga vitu kumi na vyote vilikuwa "mkate", mpaka siku ya tatu mkate mmoja ukaota miguu na kuwa ng'ombe.

Mjini ambako kichuguu hakipo, watu hutumia donge la ngano: vikombe viwili vya unga, kikombe kimoja cha chumvi laini, maji yamiminwe kidogo kidogo hadi kiasi cha kikombe kimoja, na kijiko cha mafuta ya kula. Bizari ya manjano hulipa rangi ya dhahabu, na maji ya rozela hulipa wekundu. Likifungwa vizuri hukaa siku kadhaa. Sikatai, lakini moyo wangu uko kwenye udongo. Unga ni chakula, na ziko nyumba ambazo mtoto kuuchezea ni jambo la aibu. Udongo hauna gharama na haumfundishi mtu kuchezea riziki. Zaidi ya hayo donge hilo lina chumvi nyingi mno, na mtoto anayeonja kila kitu asiachiwe peke yake nalo.

Ufundi mwingine nitaupitia kwa haraka, maana wengi mnaujua na kinachotakiwa ni kuukumbuka tu. Boksi la sabuni na ndala iliyochakaa hutoa gari zuri: mtu mzima akate magurudumu manne, mtoto ayatie vijiti na kulivuta kwa kamba. Gunzi la hindi likivishwa kitambaa ni mwanasesere. Jani la mnazi hutoa saa ya mkononi, miwani na mpira, na kama wewe umesahau namna ya kuvisuka, yuko babu mtaani anayekumbuka. Ukili wa miyaa ni mgumu kwa vidole vya miaka minne, lakini vipande vipana vya karatasi za gazeti, juu chini juu chini, anaviweza. Maua ya asumini hutungwa kwa uzi na sindano butu. Gundi ipikwe nyumbani kwa unga wa muhogo na maji, iwe nzito kama uji. Yote haya yana sharti moja: mtoto aone chombo kikitoka katika kitu alichokuwa akikifahamu. Boksi alilolijua kuwa la sabuni sasa lina magurudumu, na ni yeye aliyelifanya hivyo.

Mwalimu mwenye darasa kubwa atasema haya ni ya bibi na mjukuu mmoja. Namwelewa. Kiwango cha taifa hapa Tanzania katika elimu ya awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na madarasa mengi ya umma yamepita hapo kwa mbali. Lakini bilauri kumi zilizopangwa dirishani, kila moja ya watoto watano, si mzigo. Mpango wa shule za awali za madrasa, ulioanzia Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan na kufika Zanzibar na Uganda, ulijengwa juu ya msingi huo: vifaa vya kujifunzia vitengenezwe kwa vitu vilivyopo mahali pale, na jamii yenyewe ishiriki. Hawakusubiri kontena la vinyago vya plastiki.

Yapo ya kuogopa, nayo niyataje bila kuficha. Mbegu za duka la pembejeo zilizopakwa rangi nyekundu, ya waridi au ya kijani zimetiwa dawa. Zisiguswe na mtoto kabisa. Nunua choroko za kula, sokoni. Punje kavu huingia puani na masikioni, na ikipata unyevu huvimba humo humo, kwa hiyo hesabu punje unazompa na uhesabu zinazorudi. Mbegu za mbarika, ambazo wengine huziita nyonyo, ni nzuri kwa macho na ni sumu kali. Vivyo hivyo zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi zinazotumika kama shanga. Baada ya udongo, mikono ioshwe kwa sabuni, kwa sababu ya minyoo. Na kopo lolote la kupandia litobolewe chini. Mbu wanaoeneza homa ya dengi huzaliana katika maji machache yaliyotuama, na Dar es Salaam ililijua hilo kwa uchungu mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Nirudi barazani. Wiki ya pili ya likizo tulipanda mchicha katika ndoo iliyopasuka mpini. Mbegu za mchicha ni ndogo mno kwa mtoto kuzipanga, kwa hiyo nilizichanganya na mchanga mkavu, naye akanyunyiza kama anavyotia chumvi kwenye mboga. Sikumwambia asifukue. Bilauri yake ya choroko ilikuwa kando ya ndoo, na kila asubuhi alipokuja aliitazama kwanza bilauri, kisha akautazama udongo wa ndoo, na mikono akaiweka nyuma. "Ziko ndani zinatoa mzizi," alimweleza mama yake kwenye simu. Alikuwa amekwisha kuona kinachotokea gizani, na sasa aliweza kukingoja.

Siku ya nne udongo ulikuwa na vumbi la kijani. Baada ya wiki tatu na nusu tulichuma mafungu mawili madogo. Nyumbani kwao huyu ni mtoto anayeubana mdomo akiona mboga ya majani. Siku hiyo aliubeba mchicha mwenyewe hadi jikoni, akasimama kando ya sufuria mpaka ulipoiva, akala, kisha akamwekea babu yake kijiko kimoja pembeni ya sahani na kumwambia usiishe wote, ni wangu.

Ukiloweka choroko Jumapili jioni na mtoto akazichomeka kwenye bilauri Jumatatu asubuhi kwa mkono wake, Jumanne ataamka akute mzizi.